Mafuta yaliyoponya panya: je, yatamponya mwanangu pumu ya ngozi?

«Assalaam alaykum daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 6, na tangu nikimnyonyesha ana pumu ya ngozi kwenye viwiko, nyuma ya magoti na shingoni. Tunaishi Wete. Hospitali tulipewa krimu ya steroidi na mafuta mazito ya kulainisha ngozi. Akipaka hupata nafuu, kisha hali inarudi, na usiku hujikuna mpaka shuka likaingia damu. Hivi karibuni nimeuziwa mafuta ya karafuu yaliyochanganywa na habasoda. Muuzaji alinionesha kwenye simu utafiti unaosema panya waliokuwa na ugonjwa huu walipona kwa wiki mbili. Shemeji yangu anasema utafiti wa panya ni upuuzi, kwani binaadamu si panya. Naomba kufahamishwa: huyo panya anaipataje pumu ya ngozi, wanamwambukiza? Akipona yeye, ndiyo kusema mwanangu naye atapona? Na je, niache krimu ya hospitali?»

Waalaykum salaam, bibi, na pole sana kwa kuuguza muda wote huo. Nianze na lile lisiloweza kusubiri. Usiikatishe ghafla krimu ya hospitali, na usimpake mtoto mafuta ya karafuu mahali ambapo ngozi imechubuka au imepasuka. Sababu zake nitazieleza mbele. Swali lako kuhusu panya, hata hivyo, linastahili jibu refu, kwa kuwa muuzaji na shemeji yako wote wawili wameshika upande mmoja tu wa jambo lenyewe.

Pumu ya ngozi haiambukizi, si kwa mtoto wala kwa panya. Hakuna kijidudu kinachochukuliwa kwa mgonjwa na kutiwa kwa mnyama. Ugonjwa huu huzaliwa na kasoro mbili zinazochocheana. Kwanza, tabaka la juu kabisa la ngozi huwa halikuziba sawasawa, kwa hiyo maji hupotea kutoka ndani na vitu vya nje, kama vumbi, sabuni na bakteria, hupenya. Pili, kinga ya mwili hupambana na vitu hivyo kwa nguvu isiyolingana na hatari yake, ikitoa kemikali za kupashana habari zinazoitwa interlukini. Ile ya namba 4 na ile ya namba 13 huwasha uvimbe na kuzidi kuidhoofisha ngozi, na ya namba 31 huisisimua mishipa ya fahamu, ndipo mwasho unapokuja. Mtoto hujikuna, kucha hupasua ngozi, vitu vingi zaidi huingia, na mzunguko huanza upya. Mzunguko huo ukiendelea kwa miezi na miaka, ngozi hunenepa, hukakamaa na kuwa nyeusi zaidi yenye mistari iliyokolea, hali ambayo naamini unaiona nyuma ya magoti ya mwanao. Hiyo ndiyo pumu ya ngozi iliyo sugu.

Sasa, panya wa kawaida wa maabara hapati ugonjwa huu. Anayetaka kujaribu dawa hana budi kwanza kuutengeneza, na hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Kila njia ya kuutengeneza humpa panya kipande fulani tu cha ugonjwa, kile ambacho mtafiti amekichagua, na dawa inayokifuta kipande hicho haijaonesha chochote kuhusu vipande vilivyobaki.

Njia iliyo rahisi na ya bei ndogo, inayotumika mno katika tafiti za mitishamba, ni kumpaka panya kemikali kali inayozusha mzio, kama ile inayofupishwa DNCB au nyengine iitwayo oksazoloni. Panya hunyolewa mgongo au hupakwa sikioni. Mpako wa kwanza huifundisha kinga yake kuitambua kemikali hiyo, na anapopakwa tena baada ya siku chache ngozi huvimba, huwa nyekundu na kutoa magamba. Kwa macho hali hiyo inafanana sana na pumu ya ngozi. Kwa undani wake, iko karibu zaidi na ule mzio wa mguso anaoupata mtu aliyevaa saa yenye madini yasiyompenda. Watafiti waligundua baadaye kwamba kemikali ileile ikirudiwarudiwa hali hubadilika. Mwaka 2008 ilioneshwa kwamba panya wasio na manyoya waliopakwa oksazoloni mara 9 au 10 katika muda wa wiki kama 3 hupata ngozi iliyonenepa, inayopoteza maji, yenye kinga iliyoelemea upande uleule unaoonekana kwa wagonjwa wa pumu ya ngozi, na kiasi kikubwa cha imunoglobulini E, aina ya kingamwili inayohusika na mzio, katika damu. Kwa hiyo panya aliyepakwa mara mbili na panya aliyepakwa mara kumi wana magonjwa mawili tofauti, ijapokuwa karatasi ya utafiti huenda ikayaita kwa jina moja.

Njia ya pili humfikisha panya kwenye mzio kwa kumwekea protini juu ya ngozi. Katika mtindo uliochapishwa mwaka 1998, ngozi hukwanguliwa kwa utepe wa gundi ili kuiga mkwaruzo wa kucha, kisha hubandikwa kitambaa chenye protini ya ute wa yai kwa wiki 1, hupumzishwa wiki 2, hubandikwa tena, hupumzishwa, na kubandikwa mara ya tatu, jumla wiki 7. Wengine hutumia utitiri wa vumbi la nyumbani badala ya yai, na mimi naiona hiyo kuwa na maana zaidi kwetu sisi tunaolaza watoto juu ya magodoro ya sufi. Ipo pia njia ya kumpaka panya sikioni dawa ya jamii ya vitamini D ambayo binaadamu huitumia kutibu ugonjwa mwengine wa ngozi, soriasisi. Dawa hiyohiyo, kwa panya, huzifanya seli za ngozi zitoe kichocheo kinachoanzisha uvimbe unaofanana na pumu ya ngozi ndani ya siku chache. Hapo tu unaona jinsi ngozi ya panya na ya mtu zisivyojibu sawa.

Njia ya tatu ni kutafuta au kuzalisha panya waliozaliwa na kasoro yenyewe. Mashuhuri kuliko wote ni panya wa Kijapani waitwao NC/Nga, ambao nasaba yao ilianzishwa mwaka 1957. Mwaka 1997 ilichapishwa kwamba panya hao hupata vidonda vya ngozi, mwasho na imunoglobulini E nyingi bila kupakwa chochote, lakini kwa sharti moja la ajabu: wakiwa katika chumba cha kawaida. Wakilelewa katika chumba kilichosafishwa kikamilifu, kisicho na vijidudu wala utitiri wa manyoya, ngozi yao hubaki nzima. Kwangu mimi matokeo hayo yana faida kuliko tafiti nyingi za dawa, kwani yanathibitisha kwamba urithi peke yake hautoshi na kwamba mazingira ndiyo yanayofungua mlango. Pia yanaleta tabu: maabara mbili zenye panya wa nasaba moja zinaweza kupata majibu yanayopingana kwa sababu ya usafi wa vyumba tu.

Wapo vilevile panya wenye mkia wa magamba, ambao mwaka 2009 waligundulika kuwa na kasoro katika jeni la filagrini, protini inayosaidia kuliziba tabaka la juu la ngozi. Miaka 3 kabla yake, yaani 2006, kasoro za jeni hilohilo zilikuwa zimetambuliwa kwa wagonjwa wa Ulaya, na dunia nzima ya wataalamu wa ngozi ikafurahi kwamba siri imefichuka. Kisha mwaka 2013 ikabainika kwamba panya hao walikuwa na kasoro ya pili katika jeni jengine kabisa, na kwamba sehemu kubwa ya ugonjwa wao ilitoka huko. Kuna jambo jengine linalotuhusu moja kwa moja. Katika Ulaya ya Kaskazini, karibu mtu 1 kati ya 10 hubeba kasoro ya filagrini, lakini tafiti zilizofanywa kwa wagonjwa wa Ethiopia na wa Afrika Kusini zilikuta kasoro hizo kuwa haba mno. Panya aliyejengwa juu ya filagrini, basi, anamwakilisha mtoto wa Dublin vizuri kuliko anavyomwakilisha mtoto wa Wete.

Turudi kwenye simu ya muuzaji. Tafiti za aina ile aliyokuonesha zina mambo ambayo msomaji anaweza kuyakagua bila ya kuwa daktari. La kwanza na kubwa ni wakati dawa ilipoanza kupakwa. Mara nyingi mafuta hupakwa siku ileile kemikali inapopakwa, au hata kabla yake. Huko ni kuzuia uvimbe usitokee, na mwanao hahitaji kuzuiwa ugonjwa ambao ameshakuwa nao kwa miaka 6. Utafiti wa maana kwa ugonjwa sugu humwacha panya augue kwanza kwa wiki kadhaa, ngozi inenepe, ndipo dawa ianze, na baada ya dawa kusimamishwa humfuatilia kuona kama ugonjwa unarudi. Hatua hiyo ya mwisho huachwa katika tafiti nyingi, ilhali wewe umeniambia wazi kwamba shida yako si kupata nafuu bali ni ugonjwa kurudi. Isitoshe, panya aliyepakwa kemikali hupoa mwenyewe kemikali ikiachwa, kwa hiyo kupona kwa wiki mbili bila ya panya wengine wa kulinganisha nao hakuna uzito wowote.

Uliza pia panya wa kulinganishwa walipakwa nini. Mafuta yoyote mazito, hata yasiyo na dawa ndani yake, huifunika ngozi na kupunguza upotevu wa maji. Kama kundi moja lilipakwa mafuta ya mti na jengine halikupakwa kitu, tofauti inayoonekana huenda ni ya mafuta tu. Tazama na kilichopimwa: unene wa sikio kwa kipimo cha chuma ni rahisi kupima, lakini mtoto haamki usiku kwa sababu ya unene wa sikio. Tafiti nzuri huwarekodi panya kwa kamera na kuhesabu mara wanazojikuna kwa miguu ya nyuma, hupima maji yanayopotea kupitia ngozi, na hukata kipande cha ngozi kukitazama kwa hadubini.

Hata utafiti ulio bora kabisa utabaki na mipaka ya mnyama mwenyewe. Tabaka la juu la ngozi ya panya lina safu 2 au 3 tu za seli, wakati la binaadamu lina safu nyingi zaidi, kwa hiyo dawa hupenya kwake kwa wepesi ambao kwetu haupo. Ana manyoya kila mahali, ana msuli mwembamba chini ya ngozi ambao sisi hatuna sehemu kubwa ya mwili, na ana seli za kinga katika ngozi ambazo binaadamu hana mfano wake. Zaidi ya yote hatoki jasho isipokuwa nyayoni. Mama yeyote wa Pemba anajua mwezi wa Februari, upepo umekatika na chumba kinafuka, jinsi jasho linavyomchoma mtoto penye mikunjo ya viwiko na shingo. Kichocheo hicho, ambacho kwetu huenda ni kikubwa kuliko vyote, hakimo katika panya hata mmoja niliyemtaja.

Kwa hayo, shemeji yako asije akadhani amepata ushahidi. Kusema kwamba tafiti za wanyama ni upuuzi ni kosa vilevile. Mwaka 2004 watafiti walizalisha panya wenye interlukini 31 kupita kiasi, na panya hao wakajikuna mpaka manyoya yakanyonyoka na ngozi ikafanya vidonda. Kipande hicho kimoja cha ugonjwa, yaani mwasho, kilikuwa kimechaguliwa vizuri. Mbwa, tofauti na panya, hupata pumu ya ngozi wenyewe bila ya kufanyiwa chochote, tena kwa sababu zinazofanana na zetu, utitiri wa vumbi ukiwa miongoni mwao. Ikatengenezwa sindano ya kuizuia interlukini 31 kwa mbwa na ikawapunguzia mwasho. Kwa binaadamu, dawa iitwayo nemolizumabu, inayofunga mlango wa interlukini hiyohiyo, yaani pale inaposhika juu ya seli, iliidhinishwa Japani mwaka 2022 na Marekani mwaka 2024. Dupilumabu, sindano inayofunga mlango wa interlukini 4 na 13, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa watu wazima na baadaye kwa watoto. Ili kuijaribu kwa panya ilibidi panya wabadilishwe jeni wapewe mlango wa kibinaadamu, maana dawa hiyo haiutambui wa panya.

Upande wa pili wa mizani upo pia. Panya wengi wa majaribio, hao NC/Nga wakiwemo, wana imunoglobulini E nyingi sana, na kwa miaka ilidhaniwa kwamba kuizuia kungeumaliza ugonjwa. Dawa ya kuizuia ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa pumu ya ngozi, matokeo yalikuwa dhaifu na yenye kutofautiana. Imunoglobulini hiyo ilikuwa alama inayofuatana na ugonjwa, wala haikuwa injini yake.

Hukuuliza kuhusu mateso ya wanyama hao, lakini najua wasomaji wengine watauliza. Tangu mwaka 1959 watafiti wamewekewa kanuni tatu: kumbadilisha mnyama kwa njia nyengine pale inapowezekana, kupunguza idadi, na kupunguza maumivu. Leo ngozi huoteshwa maabara kutokana na seli za watu, na mwisho wa mwaka 2022 Marekani iliondoa katika sheria yake sharti la kwamba lazima dawa ijaribiwe kwa wanyama kabla ya watu. Ngozi hiyo ya maabara, hata hivyo, kwa kawaida haina mishipa ya fahamu wala damu, hivyo haiwashwi, na ugonjwa sugu usiowasha si huu tunaouzungumza.

Sasa mwanao. Karafuu ni neema ya kisiwa chetu, lakini mafuta yake yamejaa eujenoli, ambayo ni miongoni mwa vitu vinavyotumiwa na wataalamu kupima mzio wa mguso, kwa sababu huuzusha kwa baadhi ya watu. Juu ya ngozi iliyopasuka hupenya zaidi, huchoma, na yanaweza kumwachia mtoto mzio mpya juu ya ule alionao. Habasoda haina ubaya wa kiwango hicho, ila katika mchanganyiko usio na kipimo huwezi kuvitenganisha. Ogopa pia dawa ya «mitishamba» inayomaliza vidonda kwa siku mbili tatu. Katika nchi kadhaa krimu za namna hiyo zilipopimwa zilikutwa zimetiwa klobetasoli, steroidi iliyo kali kuliko zote, bila kuandikwa.

Ukitaka mafuta ya asili, ninayo yenye ushahidi wa watoto badala ya panya. Jaribio lililofanyika Ufilipino na kuchapishwa mwaka 2014 kwa watoto 117 wenye ugonjwa wa wastani au mdogo lilikuta kwamba mafuta ya nazi yasiyopikwa yalisaidia kuliko mafuta ya madini, yaani yale yatokanayo na petroli, yakipakwa kwa wiki 8. Zingatia kwamba ni yale yaliyokamuliwa bila ya moto, si yale tunayoyapika kwa tui mpaka yakageuka rangi. Mafuta ya zaituni yaache mezani, kwani utafiti wa watu wazima uliochapishwa mwaka 2013 uliona kwamba yanadhoofisha tabaka la juu la ngozi.

Kuhusu krimu ya hospitali, hofu yako naielewa. Steroidi kali ikipakwa usoni au kwenye mikunjo kwa miezi mfululizo huikondesha ngozi, na ikikatishwa ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo. Lakini steroidi ya nguvu inayofaa, ikipakwa mara moja kwa siku mpaka ngozi ilainike na siku chache zaidi, ni salama, na kosa ninalolikuta mara nyingi ni kupaka kidogo mno na kuacha mapema mno. Krimu inayofunika ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye kiungo cha kwanza, kama nusu gramu, hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Mafuta mazito yapakwe kila siku hata ngozi ikiwa safi, mara tu baada ya kuoga kwa maji yasiyo moto. Mtoto akirudi skuli ametota jasho, mwagie maji ya baridi kiasi, mkaushe kwa kugusa bila kusugua, kisha mpake. Kwa sehemu zinazorudirudi, daktari anaweza kukupangia upakaji wa steroidi siku 2 kwa wiki ili kuuzuia ugonjwa usirejee, au kumpa takrolimasi, dawa ya kupaka isiyo steroidi, ambayo haikondeshi ngozi ingawa siku za mwanzo huchoma. Sindano nilizozitaja zina bei kubwa mno, na kwa umri wake na hali uliyoieleza sidhani kama zinahitajika kwa sasa.

Mpeleke akaonwe tena hospitali ya Wete, na uombe rufaa ya kwa daktari wa ngozi katika hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, iwapo wiki 4 za matibabu yaliyofuatwa barabara hazijampa usingizi. Usisubiri hata siku moja akipata homa, ngozi ikitoa usaha au magamba ya rangi ya asali, au vikitokea vilengelenge vidogo vinavyolingana ambavyo hupasuka na kuacha vishimo vyenye maumivu, hasa usoni karibu na macho. Hivyo vya mwisho huletwa na kirusi cha malengelenge kinachosambaa upesi juu ya ngozi yenye pumu, na dawa yake haimo katika krimu yoyote uliyonayo nyumbani. Na kama wewe, baba yake au ndugu zake mmeanza kuwashwa usiku, hasa baina ya vidole na kiunoni, mwambie daktari kabla hajaandika chochote, kwani upele, ule wa kuambukizana unaoletwa na utitiri, hufanana sana na pumu ya ngozi na hutibiwa kwa nyumba nzima kwa wakati mmoja.